Jeshi la Nchi Kavu la Estonia: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Tangu vita vya Ukraine vipambe moto Februari 2022, nchi ndogo za Baltiki zimekuwa gumzo, na maswali kuhusu Estonia hujirudia yaleyale: ina askari wangapi, mbona haina vifaru, na inawezaje kulala usingizi ikiwa jirani wa Urusi. Majibu yako hapa chini, kuanzia ya msingi hadi yale ya pembeni. Ukikuta jibu fupi linalokuelekeza kwenye swali jingine, lifuate. Sikutaka kuandika jambo moja mara tatu.

## Ya msingi

Estonia iko wapi, na jeshi lake la nchi kavu linaitwaje?

Ni nchi ya kaskazini kabisa kati ya zile tatu za Baltiki. Ufini iko ng'ambo ya ghuba, Latvia kusini, na Urusi mashariki. Watu wake ni milioni 1.3 hivi. Jeshi la nchi kavu kwa Kiestonia ni Maavägi, nalo ni sehemu kubwa kuliko zote ya Kaitsevägi, yaani majeshi ya ulinzi. Wanamaji na wanahewa wapo, lakini ni wachache mno. Ukitaja jeshi la Estonia, kwa vitendo unataja la nchi kavu.

Ardhi yenyewe inafaa kujulikana kabla ya kuzungumzia silaha. Karibu nusu ya nchi ni msitu, na sehemu nyingine kubwa ni vinamasi. Kilima kirefu kuliko vyote, Suur Munamägi, kina mita 318 tu. Sehemu kubwa ya mpaka na Urusi imelala juu ya maji: Mto Narva upande wa kaskazini, na Ziwa Peipsi katikati. Kipande cha nchi kavu kinachopitika kirahisi kiko kusini-mashariki, na ndiyo sababu mji mdogo wa Võru una kambi kubwa kuliko unavyotarajia.

Lina askari wangapi?

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Wakati wa amani majeshi yote ya ulinzi yana watu 7,000 hivi, na takriban nusu yao ni makuruta walioitwa kwa mujibu wa sheria. Ukiishia kwenye tarakimu hiyo utacheka. Wakati wa vita mpango ni kuwa na zaidi ya 40,000, na hao wanaozidi leo hawako kambini. Wako kazini: mmoja anafundisha hesabu Tartu, mwingine anaendesha lori la magogo, mwingine yuko ofisini Tallinn anaandika programu za kompyuta. Kila mmoja ana kikosi chake, cheo chake na kazi yake, na anajua akiitwa aripoti wapi.

Kwa hiyo kambi za Estonia ni mahali pa kutengenezea wanajeshi wa akiba. Jeshi lenyewe liko mitaani. Asiyeshika jambo hili hatayaelewa majibu mengi yanayofuata.

Limepangwaje?

Kuna brigedi mbili za askari wa miguu. Ya kwanza makao yake ni Tapa, mji wa makutano ya reli kaskazini; chini yake kuna Batalioni ya Scouts, Batalioni ya Kalev, na Batalioni ya Viru iliyoko Jõhvi. Ya pili iko kusini, ikiwa na Batalioni ya Kuperjanov pale Võru. Tangu 2023 zote mbili zimewekwa chini ya Divisheni ya Estonia, pamoja na mizinga na vikosi vya huduma. Kabla ya hapo, tangu uhuru urudi 1991, hapakuwa na ngazi ya divisheni, na kuiunda ilikuwa kukiri kwamba vita vikianza brigedi mbili na majeshi ya washirika vitahitaji kamandi moja.

Scouts ndiyo batalioni ya askari wa miguu ambao wote ni wa kuajiriwa. Hizo nyingine kazi yake kubwa ni kufundisha makuruta.

## Historia kidogo

Jeshi hili lilianza lini?

Lilianza mara mbili. Estonia ilijitangazia uhuru tarehe 24 Februari 1918, na Novemba ya mwaka huo Jeshi Jekundu la Wabolsheviki wa Urusi likavuka Narva. Chini ya Johan Laidoner, jeshi lililokuwa na wanafunzi wa sekondari ndani yake, treni za deraya, na msaada wa wanamaji wa Uingereza na watu wa kujitolea kutoka Ufini, lilirudisha mashambulizi hayo. Vita vilikwisha kwa Mkataba wa Tartu wa tarehe 2 Februari 1920.

Jina la Kuperjanov linatoka humo. Julius Kuperjanov alikuwa mwalimu wa shule, akaunda kikosi chake cha wapiganaji wenye nembo ya fuvu na mifupa. Alijeruhiwa katika mapigano ya Paju tarehe 31 Januari 1919 na kufa siku mbili baadaye, mwaka mmoja kamili kabla ya mkataba kutiwa saini. Makuruta wa Võru wanaivaa nembo hiyo ya fuvu mpaka leo.

Ilikuwaje 1940 jeshi likakubali bila kupigana?

Septemba 1939 Moscow iliilazimisha Estonia kuruhusu kambi za jeshi la Kisovieti ndani ya ardhi yake. Juni 1940, askari wa Kisovieti wakiwa tayari wamo ndani na wengine wamejaa mpakani, serikali iliamua kutopigana. Batalioni ya mawasiliano pale mtaa wa Raua, Tallinn, ilikataa kusalimisha silaha kimyakimya na kupigana tarehe 21 Juni. Hiyo ndiyo risasi pekee ya maana iliyofyatuliwa. Maofisa wengi waliishia makambi ya wafungwa ya Norilsk, Siberia. Laidoner mwenyewe alifia gereza la Vladimir mwaka 1953.

Nchini Estonia fundisho la 1940 limekuwa kama sehemu ya katiba isiyoandikwa: safari ijayo watapigana, hata wakiwa peke yao. Mtu anayeshangaa kwa nini taifa dogo hivi linang'ang'ania kila kijana apitie jeshini, jibu lake liko hapa.

Baada ya Usovieti walianza na nini?

Na karibu hakuna. Majeshi ya ulinzi yalirejeshwa tarehe 3 Septemba 1991, lakini askari wa Urusi walikuwa bado nchini, na wa mwisho hawakuondoka hadi tarehe 31 Agosti 1994. Kambi walizoachiwa zilikuwa magofu. Maofisa walitoka jeshi la Kisovieti wakiwa na mazoea yake. Bunduki za mwanzo za maana, Galil, zilinunuliwa Israel mwaka 1993 kwa mkataba uliozua kelele za kisiasa kwa miaka.

Mwaka huohuo alikabidhiwa ukamanda Aleksander Einseln, mzaliwa wa Tallinn aliyekuwa kanali mstaafu wa jeshi la Marekani na aliyepigana Vietnam. Aliingia katikati ya vurugu: Julai 1993 kombania ya watu wa kujitolea pale Pullapää ilikataa amri ya kuhamia Paldiski na kujitangaza nje ya jeshi. Waziri wa ulinzi alijiuzulu.

Tukio lililowakata maini zaidi ni la tarehe 11 Septemba 1997. Platuni ya Waestonia wa Batalioni ya Baltiki, waliokuwa wakijiandaa kwa kazi za kulinda amani, ilijaribu kuvuka kwa miguu mlango-bahari wa Kurkse karibu na visiwa vya Pakri. Maji yalikuwa baridi, upepo mkali, na kina kikawashinda. Walikufa 14, bila adui yeyote. Kwa maoni yangu, jeshi la leo linalosisitiza usalama wa mazoezi lilizaliwa Kurkse zaidi kuliko lilivyozaliwa 1991.

## Kuitwa jeshini

Nani anaitwa, na kwa muda gani?

Wanaume raia, kati ya miaka 18 na 27, baada ya kupimwa afya. Kwa muda mrefu utaratibu umekuwa miezi 8 au 11. Wa miezi 11 ni wale wanaosomea uongozi wa seksheni na platuni, udereva na fani nyingine, nao kwa kawaida huingia Julai. Askari wa kawaida wa miguu huingia Oktoba, na hapo wajiandae kwa matope ya vuli yatakayogeuka barafu mikononi mwao. Mafunzo hufikia kilele Mei, katika zoezi kubwa la Kevadtorm, yaani dhoruba ya masika, linalofanyika tangu 2003 kwenye mashamba na misitu ya watu kabisa: unaweza kwenda kuchota maji ukakuta gari la deraya limejificha nyuma ya ghala lako.

Wanaoitwa kwa mwaka ni elfu tatu na ushei hadi elfu nne.

Ni kama JKT au kama mgambo?

Hapana, ingawa Mtanzania atashawishika kufananisha. JKT huchanganya mafunzo ya kijeshi na uzalishaji mali na malezi. Kuruta wa Estonia halimi. Anafundishwa nafasi moja ndani ya kikosi kimoja cha vita, na kikosi hicho huhamia kwenye akiba kikiwa kizima, watu walewale pamoja. Kinachofanana na mgambo kwa mbali ni Kaitseliit. Tazama swali lake hapo chini.

Wanawake je?

Tangu 2013 wanaweza kujiunga kwa hiari kwenye mafunzo yaleyale. Akishavuka kipindi cha mwanzo anachoruhusiwa kujitoa, anabanwa na sheria sawa na mwanamume, pamoja na wajibu wa akiba.

Asiyetaka kushika bunduki?

Kwa sababu za dini au dhamiri anaweza kuomba utumishi mbadala, ambao hudumu miezi 12: nyumba za kutunzia wazee, shule za watoto wenye mahitaji maalumu, au idara ya uokoaji.

Baada ya kumaliza, wanaitwa tena?

Ndiyo, kwa mazoezi ya akiba, na mengine hayana taarifa ya mapema. Tangu 2016 kuna mazoezi ya ghafla yaitwayo Okas: serikali inatoa amri, wito unasambazwa kwa simu, intaneti na vyombo vya habari, na watu wa vikosi vilivyotajwa wanapaswa kuripoti haraka. Shabaha yake hasa ni kupima mfumo: nani amehama bila kubadili anwani, ghala gani lina sare za saizi moja tu, mwajiri gani ananuna.

Kaitseliit ni nini?

Ni chama cha ulinzi cha raia wa kujitolea, kilichoanza tarehe 11 Novemba 1918 na kurejeshwa Februari 1990, yaani kabla hata uhuru haujarudi. Kina matawi 15 nchi nzima, tawi la akina mama liitwalo Naiskodukaitse, na matawi ya vijana wa kiume na wa kike. Wanachama hutumia mwisho wa juma msituni, kwa gharama ya muda wao, na wengi hutunza silaha ya chama nyumbani kwa masharti makali.

Wakati wa vita kazi yao ni ulinzi wa maeneo: madaraja, njia panda, na kumsumbua adui nyuma ya mistari yake. Brigedi zinapigana vita vya kuhama. Kaitseliit inakaa pale ilipozaliwa. Nionavyo mimi, hii ndiyo sehemu ya ulinzi wa Estonia ambayo nchi nyingine haiwezi kuinunua kwa fedha.

## Silaha

Mbona haina vifaru?

Kifaru ni ghali kununua, na ni ghali zaidi kukiweka hai: mafundi, vipuri, matrekta ya kukibeba, madaraja yanayokihimili. Estonia iliamua fedha hizo zitumike kuviua vifaru vya mwingine. Ina makombora ya Javelin na Spike, na ardhi ya misitu na vinamasi inayomlazimisha mwenye vifaru kufuata barabara chache. Vifaru vinavyoonekana Tapa ni vya washirika. Tazama swali la NATO.

Hii haina maana kwamba haina chuma. Batalioni ya Scouts inatumia CV9035, gari la deraya lenye mzinga wa milimita 35. Magari 44 ya aina hiyo yalinunuliwa kutoka Uholanzi kwa mkataba wa 2014, yakiwa yamekwisha kutumika. Kwa ajili ya vikosi vingine, mwaka 2023 yaliagizwa magari ya deraya ya magurudumu zaidi ya 200 kutoka Uturuki.

Na mizinga?

Hapa mabadiliko ni makubwa. Kwanza kuna K9 kutoka Korea Kusini, mzinga wa milimita 155 unaojiendesha, ambao Waestonia wameupa jina la Kõu, yaani radi. Walianza na 12 mwaka 2018, na oda zimefika 36. Halafu kuna HIMARS sita za Marekani, yaani mitambo ya kurushia makombora, zilizoagizwa 2022 na kuwasili 2025, zenye uwezo wa kupiga hadi kilomita 300 kwa kombora lake la mbali zaidi. Mpaka hapo ulinzi wa Estonia ulikuwa wa kusubiri adui aingie. Sasa inaweza kumpiga akiwa bado anajipanga.

Ni kweli ilitoa mizinga yake yote ya kukokotwa kwa Ukraine?

Mizinga ya milimita 155 aina ya FH70 yote ilitangazwa kutolewa Januari 2023. Ile ya milimita 122, D-30, ina kisa chake. Ilitengenezwa Usovieti, ikawa ya Ujerumani Mashariki, ikauzwa Ufini, ikafika Estonia. Kwa hiyo mwanzoni mwa 2022 Estonia ilipotaka kuipeleka Ukraine ilihitaji ridhaa ya Berlin na Helsinki, na Berlin ilisita hadi siku chache baada ya uvamizi. Javelin hazikuwa na kizuizi hicho. Za kwanza zilifika Ukraine kabla ya tarehe 24 Februari.

Wapo wanaouliza kama huko ni kujivua nguo. Hesabu ya Tallinn ni kwamba kila kifaru cha Urusi kinachoungua Donbas, mashariki mwa Ukraine, hakitafika Võru.

Fedha zinatoka wapi?

Kodini. Mwaka 2024 ulinzi ulichukua takriban asilimia 3.4 ya pato la taifa, na serikali imepanga zaidi ya asilimia 5 kuanzia 2026. Wananchi wanaona dukani: VAT ilipanda kutoka asilimia 22 hadi 24 Julai 2025, na ulinzi ulikuwa hoja kuu.

Mahandaki ya mpakani ni nini hasa?

Januari 2024 mawaziri wa ulinzi wa nchi tatu za Baltiki walikubaliana kujenga mstari wa ulinzi. Sehemu ya Estonia ni mahandaki 600 ya zege, kila moja mita za mraba 35 hivi, wanaenea askari 10, lenye kuhimili kombora la mzinga wa milimita 152. Pamoja nayo kuna mitaro ya kuzuia vifaru na maghala ya vizuizi. Mengi yanapita kwenye ardhi ya watu binafsi, kwa hiyo kabla ya zege kuna mazungumzo na wenye mashamba. Mwaka 2025 bunge lilipiga kura pia kujitoa kwenye Mkataba wa Ottawa unaopiga marufuku mabomu ya ardhini ya kuua watu.

Ulinzi huu una wanaoumia. Upanuzi wa uwanja wa mazoezi wa Nursipalu, karibu na Võru, uliwalazimu baadhi ya watu kuuza nyumba za babu zao, na hasira haijaisha.

## NATO na nje ya nchi

Ikiwa iko NATO, jeshi lake la nini?

Estonia iliingia NATO tarehe 29 Machi 2004. Kifungu cha 5 cha mkataba wake kinaahidi msaada, ila hata kifungu cha 3 kipo, kinachomtaka kila mwanachama kwanza ajenge uwezo wake. Na msaada unachukua muda kufika.

Tangu 2017 kikosi cha NATO kinachoongozwa na Uingereza kiko Tapa, wakiwemo Wafaransa, na Wadenmark kwa zamu, kikija na vifaru vya Challenger 2. Brigedi nzima ya Uingereza imetengwa kwa ajili ya Estonia lakini inakaa kwao. Kazi ya Waestonia katika siku za mwanzo ni kuzuia mpaka hao wafike.

Wamewahi kupigana nje?

Sana kuliko ukubwa wao. Kombania zao zilikuwa Helmand, Afghanistan, bega kwa bega na Waingereza. Walipoteza askari 9 huko, na 2 Iraq. Baadhi ya familia ziliiona Afghanistan mara mbili, kwani vijana wa Kiestonia walipelekwa huko pia na Usovieti miaka ya 1980.

Afrika nayo wanaijua. Mwaka 2014 walituma askari 55 hivi Bangui, Jamhuri ya Afrika ya Kati, kulinda uwanja wa ndege katika operesheni ya Umoja wa Ulaya. Kuanzia 2018 walikuwa Gao, Mali, wakilinda kambi ya Wafaransa. Julai 2019 shambulio la gari la bomu liliwajeruhi baadhi yao. Hukohuko walikwenda na kigari kisicho na dereva, THeMIS, kilichotengenezwa kwao, wakakitumia kubeba mizigo kwenye vumbi na joto lisilojulikana Tallinn. Waliondoka 2022.

## Ya pembeni

Wanaozungumza Kirusi nao huitwa?

Wakiwa raia, ndiyo. Zaidi ya robo ya wakazi ni wasemaji wa Kirusi, wengi Tallinn na mashariki, na Batalioni ya Viru hupata wengi wao. Amri zote hutolewa kwa Kiestonia, na asiyekijua vizuri hukifunzwa hukohuko. Kijana wa Narva aliyelelewa kwa Kirusi mara nyingi anapata rafiki wake wa kwanza Mwestonia ndani ya hema la kijeshi.

Na wale wenye pasipoti ya kijivu?

Hao ni wakazi wasio na uraia wa nchi yoyote, mabaki ya enzi ya Usovieti. Hawaitwi. Ila tangu 2016 mtoto wao anayezaliwa Estonia anapata uraia moja kwa moja, na akiwa wa kiume, foleni ya kupimwa afya inamsubiri.

Mimi ni Mwafrika ninayeishi Estonia. Naweza kujiunga?

Si bila uraia. Hawana jeshi la wageni kama la Ufaransa, na wanaokuahidi vinginevyo mtandaoni ni matapeli. Uraia unahitaji kuishi kihalali miaka 8, mitano ya mwisho kwa ukaazi wa kudumu, na kufaulu mtihani wa Kiestonia ngazi ya B1. Ukiupata ukiwa mwanamume ambaye bado hajapita umri wa kuitwa, swali litageuka: hutaomba kujiunga, utaandikiwa barua.